Uzi wa Fundi Sudi Katika Ardhi ya Barafu

Msibani, mwezi uliopita, mama mmoja aliyekaa karibu na mlango aliniambia kwamba marehemu Fundi Sudi hakuwahi kukosea mshono maisha yake yote. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, nikaitikia kwa kichwa kama wenzangu, lakini moyoni nilikasirika. Sijui mtu anakasirikaje msibani, ila nilikasirika. Mtu akishafariki, watu humfua, humpiga pasi, humkunja vizuri, mpaka wewe uliyemjua humtambui tena. Mimi namjua Fundi Sudi aliyekosea. Alikosea mishono ya mifuko mia mbili mbele ya macho yangu, na kosa hilo lilinifungia mlango ambao sijaufungua hadi leo nina mvi. Mwajuma, binti yake, alikuwa akipita katikati yetu na birika la chai ya tangawizi. Alipofika kwangu aliinama akaninong'oneza, "Dada Zena, baba alikuwa anakutaja sana." Nikamwuliza alikuwa akisema nini. "Alikuwa anasema tu, Zena iko mtu wa barafu." Akanijazia kikombe, akaenda kwa mwingine.

Jina hilo la barafu lilitoka katika mwaka mmoja tu, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilipokuwa na kazi yangu ya kwanza kama msaidizi kwenye maabara ya udongo huko Kacyiru, mtaa wa maofisi katika mji mkuu wa Rwanda. Maabara ni neno la heshima. Kilikuwa chumba cha chini kabisa cha jengo la ofisi, chenye madirisha mawili madogo yaliyotazama matairi ya magari ya wakubwa. Ndani kulikuwa na oveni mbili za kukaushia udongo, mizani iliyofunikwa kwa kioo ili pumzi zetu zisiisumbue, meza ndefu ya saruji, na rafu za mifuko ya karatasi yenye udongo wa kila kilima cha nchi hii. Oveni ziliwaka kutwa, na jioni nywele zangu zilinuka vumbi lililochomwa. Mkuu wetu, Bwana Faustin, tuliyemwita Directeri, mtu mwembamba aliyesoma kwa Kifaransa na aliyetaka kila jambo liwe na sahihi chini yake, alikaa ghorofani na kushuka mara mbili kwa siku. Akishuka hakuuliza tumegundua nini. Aliuliza nani ameacha mlango wa oveni wazi.

Mwezi wa pili alitufikia Dokta Marit, mtafiti wa udongo kutoka nchi za kaskazini kabisa, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na magoti yaliyoharibika kwa kupiga magoti kwenye matope miaka mingi. Siku ya kwanza alikula nasi mezani palepale tulipomwaga udongo, wali na maharage na isombe ya majani ya muhogo, akatueleza kuhusu tundra. Ni nchi isiyo na miti, alisema, yenye mimea laini iliyotanda chini kama zulia na vichaka vinavyokufika kwenye kifundo cha mguu, na ukichimba kidogo tu sururu inagonga ardhi iliyoganda. Kila mwaka mimea hufa, lakini baridi haiwapi vijidudu wa udongo nguvu ya kuila yote, kwa hiyo inarundikana, mwaka juu ya mwaka, maelfu ya miaka, na kaboni yake imo humo humo. Sasa huko kunapata joto upesi kuliko sehemu nyingi za dunia. Vijidudu wanaamka, wanakula, na wakila wanatoa hewa ileile inayozidisha joto. Nikamwuliza kama haiwezekani mimea nayo ikachangamkia joto hilo, ikakua na kurudisha kaboni ardhini. Aliweka kijiko chini akanitazama vizuri. Alisema hilo ndilo swali lenyewe: vichaka kweli vinarefuka, na hajui kwa uhakika upande upi utashinda, na ndiyo sababu amesafiri na magoti yake mabovu hadi kwetu. Nadhani alinichagua kwa sababu ya swali lile.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuielewa. Unachukua kifuko cha wavu wa nailoni kilichoshonwa pande tatu, ukubwa wa bahasha, unatia majani makavu uliyoyapima, unakunja mdomo na kuubana, unakizika. Baada ya miezi unakifukua, unakausha kilichobaki, unapima tena. Kilichopungua ndicho kilicholiwa. Mifuko mia moja angeizika yeye kwenye tundra, mingine kwenye ardhi ya kawaida na mingine ndani ya vizimba vidogo visivyo na paa, vyenye kuta za plastiki angavu, vinavyoongeza joto kidogo pale chini. Mia nyingine ningeizika mimi kwenye kinamasi cha milimani, kaskazini mwa nchi yetu, katika udongo mweusi ambao Wanyarwanda wanauita nyiramugengeri. Huo nao ni mimea iliyokufa bila kuoza, isipokuwa kwetu inalindwa na maji badala ya barafu. Dokta alitaka kuona vijidudu wa pande zote mbili wanafanyaje mlinzi wao akiondoka. Kisha, siku aliyofunga mizigo yake, aliniita pembeni ya oveni. Akasema nikimletea takwimu kamili za mifuko yangu mia, atanichukua mwaka unaofuata, kipindi cha kiangazi chao, nifanye naye kazi kwenye tundra yenyewe kisha nibaki kusoma shahada ya pili. Bwana Faustin alikuwapo, akaweka sahihi. Nililala siku zile nikiona ardhi isiyo na miti, mimi niliyekuwa sijawahi kutoka nje ya Rwanda hata kwenda Bukavu, ng'ambo tu ya mpaka.

Ilitakiwa mifuko yote ishonwe na mkono mmoja ili isitofautiane. Nilisema namjua fundi. Fundi Sudi alikuwa na kibaraza mtaa wa Nyamirambo, barabara inayopanda kutoka msikitini, cherehani nne na meza moja ya kukatia iliyong'aa kwa miaka ya viwiko vya watu. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, kofia ya kufuma, futi ya kupimia shingoni hata alipokwenda kuswali. Nilimpelekea marobota ya wavu na roli kubwa la uzi alioniachia Dokta Marit, uzi wa nailoni mgumu, unaopitisha mwanga. Alinikalisha kwenye benchi, akaagiza sambusa na chai, akauliza mifuko hii ni ya nini, maana yeye, alisema, hashoni kitu asichokijua kitavaliwa na nani. Basi nikamweleza tundra kwa namna niliyoweza. Nilimwambia afikirie friza ya duka la samaki. Samaki wamekaa humo hawana neno, halafu umeme unakatika.

"Inanuka," alisema.

"Siku ya kwanza hainuki sana, Fundi. Lakini barafu ikiyeyuka, wadudu wanaanza kula."

"Na hiyo harufu ndiyo hiyo hewa yenu inaleta joto."

"Ndiyo hiyo."

Alitafuna sambusa yake polepole. "Sasa, mwanangu, hiyo umeme ni nani anakata?"

Nilimwambia ni watu. Ni magari, ni viwanda, ni misitu tunayokata, zaidi ni nchi kubwa zenye viwanda vingi. Fundi alitikisa kichwa, akawageukia mafundi wenzake. "Mnasikia? Kuna watu wanakata umeme ya Mungu, na sisi Nyamirambo ndiyo tunaitwa kushona." Walicheka wote, nami nikacheka. Kwa wiki tatu nilikuwa nikipita pale kila nikitoka kazini. Nilizoea harufu ya pasi ya mkaa na vitambaa vipya, na mazungumzo yasiyoisha ya wateja. Mama mmoja alikuja kila siku kudai gauni la harusi ya mdogo wake. "Fundi, nguo yangu iko wapi?" "Bado kidogo, mama." "Kidogo yako iko mwezi mzima, sha! Bibi harusi atazaa mbele ya kuvaa!" Lakini mifuko yangu haikuchelewa hata siku moja. Fundi aliitanguliza mbele ya suti za mabwana harusi, na kila mteja aliyeuliza aliambiwa kwamba hii ni kazi ya barafu, inakwenda mwisho wa dunia, na Zena ndiye ataipeleka.

Siku niliyokwenda kuichukua, kibaraza kilikuwa kimejaa. Alikuwapo mwalimu wa madrasa, alikuwapo mama wa gauni, walikuwapo wazee wawili waliokuja kunywa chai tu. Mifuko ilikuwa imepangwa mezani kumi kumi, imepigwa pasi kwa uangalifu, na Fundi alikuwa amesimama nyuma yake kama bwana harusi. Alieleza hadhira yake alivyohangaika. "Ile uzi ya mzungu iko ya kuvua samaki," alisema. "Cherehani inaitapika. Inakatika, inaacha fundo. Mimi mtu wa Nyamirambo nipeleke aibu mpaka huko? Hapana, wallahi. Nikatoa uzi yangu mwenyewe, pamba safi, ile naweka ya suti." Mwalimu wa madrasa alisema mashaallah. Nikatazama. Mishono ilikuwa midogo, sawa, myeupe, mizuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia katika maabara ile. Na ilikuwa pamba.

Nataka niandike hapa wazi, kwa kuwa msibani sikusema: nilijua. Sitasema nilikuwa mdogo, wala sitasema sikufundishwa. Mtu yeyote aliyekaa wiki moja na udongo anajua kwamba pamba ni mmea uliokufa, na vijidudu hawabagui jani na uzi. Dokta Marit hakuniachia roli lile la uzi kwa mapambo. Lakini nifanye nini? Nimwambie mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya mwalimu na wateja wake, kwamba kazi aliyoipiga pasi kwa mikono yake haifai, afumue mifuko mia mbili? Kwetu hilo halifanyiki. Nilijiambia nitarudi kesho kukiwa na watu wachache. Kesho yake Bwana Faustin akataka mifuko mezani kwake, akahesabu, akaweka sahihi, na mia moja ikaenda kwa ndege. Nikajiambia pengine uzi utahimili. Nilivyo na hasira na wazee wale wawili wa chai hadi leo! Kama wangekuwa na kazi nyingine ya kufanya saa ile, maisha yangu yangekuwa mengine. Halafu najisikia nikisema hivyo na ninajichoka mwenyewe.

Mwezi wa tano nilizika mia yangu pembezoni mwa kinamasi, mahali ambapo wakulima walikuwa wamechimba mifereji na maji yameshuka. Kila mfuko niliufungia kijibao chenye namba. Niliporudi kufukua, mwezi wa nane, asubuhi ilikuwa ya ukungu na dereva wa ofisi alikuja kunishikia ndoo. Mfuko wa kwanza ulitoka kama kinywa kilichoachama. Wavu wa nailoni ulikuwa mzima, unang'aa, na mshono haupo. Pale palipokuwa na uzi palibaki matundu ya sindano tu, yamepangwa sawasawa, ukaona jinsi kazi ya Fundi ilivyokuwa nzuri. Majani yangu yalikuwa yamechanganyika na matope na mizizi, huwezi kusema lipi nililipima na lipi ni la kinamasi. Nikafukua wa pili, wa tatu, wa kumi. Nilikuwa na matumaini ya kipuuzi kwamba labda upande wa pili wa mfereji ingekuwa mizima. Dereva aliacha kuuliza. Nilipofika wa sitini nilikaa kwenye tope nikalia, na yeye akasema neno moja tu la Kinyarwanda, "Ihangane," jipe moyo, akaendelea kufukua arobaini iliyobaki ili nisiione.

Mwezi wa tisa ikaja barua pepe ya Dokta Marit. Amefukua yake kabla ardhi haijaganda tena. Niliisoma mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisema hata leo, ingawa sitaiweka hapa maana ni yake. Alikuwa amekasirika. Mishono imeachia katika mifuko mingi na haelewi uzi gani huu. Lakini mtu wa udongo ni mtu wa udongo, hawezi kuona kitu asikiandike: mifuko iliyokuwa kwenye ardhi ya kawaida, yenye baridi yake, mingi ilikuwa bado imefungwa. Iliyoachia ilikuwa zaidi ile ya ndani ya vizimba vya joto. Nilipanda ghorofani mbiombio na karatasi mkononi. Kinamasini uzi umeisha kabisa, kwenye tundra ya baridi umebaki, kwenye tundra iliyopashwa joto kidogo tu umeanza kuliwa. Uzi uleule, fundi yuleyule, mkono mmoja. Nilimwambia Bwana Faustin kwamba tumepoteza majani lakini uzi wenyewe umetuambia kitu, tuandike basi kuhusu uzi.

"Mademoiselle Zena," alisema, "sisi hatupimi uzi. Kwenye proje, mradi wetu, tumeandika majani."

"Lakini uzi nao ni mmea, Directeri. Umeoza vilevile."

"Wewe ulipima hii uzi mbele ya kuzika? Uko na uzito yake?"

Sikuwa nao. Huo ndio ukweli, na alikuwa na haki, na hakuna kinachoudhi kama mtu usiyempenda akiwa na haki. Kitu usichokipima mwanzo huwezi kukidai mwisho. Lakini ningeweza kuandika ukurasa mmoja tu, bila kudai ushahidi, kusema tumeona hivi, mwenye uwezo apime. Siku hizi naona watu wanazika vipande vya pamba makusudi kwenye udongo ili kusoma vinavyooza, na kila nikiona nafunga kompyuta nazunguka nyumba. Siku hizi pia hualikwa mikutano ya tabianchi hapo hapo Kacyiru, kwenye viti laini na maji ya chupa za kioo. Wanaonyesha ramani za kaskazini, wanasema sehemu nyingine za tundra zilizokuwa zikiweka kaboni sasa zinatoa zaidi ya kile zinachoweka, nyingine bado haijulikani. Chumba kizima kinaitikia kwa kichwa kwa adabu. Mwenyekiti anashukuru. Hakuna anayepiga meza. Natoka nikiwa na hamu ya kumpiga mtu kwa kijitabu cha ratiba.

Mwezi uleule wa tisa nilikwenda kwa Fundi na mfuko mmoja uliofukuliwa. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Aliupokea, akaupitisha vidole kwenye matundu, akavua miwani. Akaniuliza pamba yake imekwenda wapi. Nikamwambia imeliwa. Alisimama akaanza kupangua meza. "Lete wavu," alisema. "Nashona upya zote, na ile uzi ya samaki. Wiki moja. Bure."

"Haiwezekani, Fundi. Kule ardhi inafunguka miezi michache tu, sasa imeshaanza kuganda. Ni mpaka mwaka ujao."

"Ardhi inafunga kama duka?"

"Inafunga."

"Basi mwaka ujao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nilimjibu kwa ukali kwamba mwaka ujao ndio niliokuwa niende, na nisipokuwa na takwimu siendi, na hayo ya koleo awaambie wahunzi. Mama wa gauni, ambaye wakati huo alikuwa akidai gauni la arobaini ya mtoto, alinitolea macho. Fundi aliagiza chai, ikaja, ikapoa mezani.

Mwezi wa kumi Bwana Faustin aliitisha kikao ili, kwa maneno yake, faili ifungwe. Dokta Marit alikuwa ameuliza kwa maandishi nani alichagua uzi na nani alipokea mifuko. Kutokana na jibu ataamua kuhusu safari yangu. Nilikuwa nimeshamwambia Bwana Faustin kwamba fundi alibadilisha uzi. Hilo lilikuwa kweli, na niliishia hapo. Nikiwa koridoni nikimsubiri Fundi nilisikia mlango ukiwa wazi nusu, Bwana Faustin akimwambia mtu kwenye simu, "Msichana iko hodari, lakini kama alinyamaza, hatuwezi kumtuma." Niliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Fundi alifika akihema kwa ngazi, amevaa suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe na kofia yake ya kufuma, na kwa mara ya kwanza nilimwona bila futi shingoni. Aliketi ukingoni mwa kiti. Bwana Faustin alimshukuru kwa kuja, akamsogezea maji, akamwuliza swali moja.

"Muzehe, huyu mademoiselle alikuambia utumie uzi gani?"

Nilitazama meza. Nilijua jibu la kweli: nilimwachia roli la uzi mezani bila maelezo, tukala sambusa, tukaongea habari za samaki.

"Aliniambia," Fundi alisema. "Aliniambia mara mbili. Usibadilishe uzi, Fundi, alisema. Mimi niko na kichwa ngumu. Nikabadilisha. Kosa ni yangu peke yangu, yeye hana kitu."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeapa, mkono kifuani. Bwana Faustin aliandika. Aliandika muda mrefu, kisha akanigeukia bila hasira yoyote. "Voilà. Ulimkataza mara mbili. Basi ulikuwa unajua hatari. Na siku ya kupokea, ukapokea bila kuangalia?" Kila nilichoweza kusema kilikuwa ama kinamfanya Fundi mwongo au kinanifanya mimi kile nilichokuwa, mtu aliyejua akanyamaza. Nikasema, "Sikuangalia." Akatikisa kichwa, akasema msaidizi asiyekagua hawezi kupewa dhamana ya kazi ya mbali namna ile, atamwandikia Dokta hivyo, na kwamba kwa hapa naweza kuendelea na oveni. Akaweka sahihi. Safari alipewa kijana wa maabara nyingine, ambaye hakuwa na kosa lolote na ambaye nimemchukia miaka yote hii bila kumjua.

Tulishuka pamoja hadi kituo cha basi. Fundi alikuwa akitembea kwa furaha ndogo ya mtu aliyetimiza jambo, hakuwa amefuata vizuri maneno ya mwisho kule ndani, na ikanibidi nimweleze nikiwa nimesimama juani kwamba nimeikosa safari. Kwamba uongo wake umenimaliza, kwa sababu kama nilimkataza mara mbili, kutokagua ni dhambi kubwa zaidi. Sauti yangu ilipanda. Watu wa maofisini waliokuwa wakisubiri basi waligeuka. "Nani alikutuma useme vile?" nilimwambia. "Nani alikuomba? Umebadilisha uzi, hukuuliza, sasa umenidanganyia tena, hukuuliza! Kwa nini wewe huulizi, Fundi?"

Alinisubiri nimalize. Alivua kofia, akaipangusa jasho la ndani kwa leso, akaikunja.

"Niliuliza," alisema. "Si kwa mdomo. Ile siku ya kuchukua mzigo, mimi nilikuwa nakuangalia wewe, sikuangalia mwalimu. Ulishika mfuko ya juu, ukageuza, ukageuza tena, ukashika uzi na kucha. Nikasema moyoni, mimi niko fundi tu, huyu ndiye alisoma udongo. Kama uzi haifai, atasema. Ukaweka chini, ukasema asante." Alitazama barabara basi linapotokea. "Ungesema, Zena. Hata mbele ya wale watu. Ningekaa chini, ningefumua yote siku ileile."

Basi likaja. Alinitangulia kupanda, akapata viti viwili nyuma ya dereva, akaketi dirishani na kuweka kofia yake kwenye kiti cha pembeni ili kisichukuliwe. Nilikwenda nikaketi. Aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na hakuna kingine nilichomwambia mpaka tukafika Nyamirambo.